Kangaga Chini ya Blanketi

Mimi ni mtu nisiyependa kuchekwa, na nalisema hilo mwanzoni kabisa ili mjue kwamba kukaa hapa na kuwasimulieni mkasa huu si jambo dogo kwangu. Lakini kwa kuwa toka Makambako hadi Njombe hakuna asiyeujua, na kila anayeusimulia anautia chumvi yake (wapo wanaosema nililifunga kangaga kilemba, uongo mtupu), nimeona heri niusimulie mwenyewe, ili aibu yangu angalau iwe na chumvi ya mkono wangu.

Kwanza mnijue. Wakati ule Mwingereza alikuwa angali anatutawala, nami nilikuwa nimerudi kutoka Uganda na diploma ya kilimo. Sikupelekwa na mtu. Baba yangu pale Wanging'ombe alikuwa na mbuzi na watoto, na watoto walikuwa wengi kuliko mbuzi. Nilianza kwa kubeba mgongoni magome ya miwati, ile miti ya dawa ya ngozi, nikawa mpimaji mdogo wa ghala, nikajisomea kwa taa ya kibatari mpaka pua ikawa nyeusi ndani, nikaomba chuo mwenyewe, nikaenda, nikashinda, nikarudi. Diploma ile niliitia kwenye fremu ya kioo nikaitundika sebuleni mahali ambapo mtu akiingia lazima aione kabla hajaniona mimi. Serikali ikaniweka Makambako kuwa bwana shamba, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, saruji chini, madirisha ya vioo (vioo, si mbao, waulizeni waliokuwepo).

Na pamoja na diploma nilirudi na kangaga.

Najua mnacheka. Kangaga kwetu ni yale majani yaliyochanika kama manyoya ya kuku, yanayoota mabondeni na kwenye mashamba yaliyochoka. Ukiona yameshika shamba unajua udongo umekufa, unachukua jembe lako unahama, na mengine unayakata unawatandikia nguruwe. Lakini langu lilikuwa kangaga la nyumbani, la kupandwa chunguni. Kila jani lilikuwa na mstari mweupe katikati toka shinani hadi nchani, na kijani pembeni, utadhani mtu amekaa kutwa akilipaka chokaa kwa unyoya, na mwaka mzima halipukutiki: kiangazi kijani, masika kijani. Nilipewa na mke wa mwalimu wangu mmoja Mzungu, maana katika wanafunzi wote ni mimi peke yangu niliyemwagilia maua ya baraza yake bila kuyaua. Nikalipakata melini, nikalipakata ndani ya treni, nikalipakata juu ya lori (pale Dodoma abiria mmoja aliniita mganga, akaniomba jani moja la kuvuta wateja dukani kwake), mpaka likafika Makambako zima.

Kulitunza si mchezo, na hapa nawafundisheni bure. Udongo wake si wa shambani, ni mboji ya msituni uliyoichanganya na mchanga na vipande vya mkaa. Jua likilipiga moja kwa moja linaungua. Ukiliweka gizani ile mistari myeupe inafifia. Linataka dirisha la upande wa kivuli. Maji unalipa udongo ukianza kukauka juu, lisiogelee. Na kuliko yote linataka hewa yenye unyevunyevu, na hapo ndipo Makambako iliponiangusha. Njombe wana ukungu mpaka ndani ya soksi. Sisi Makambako tuna upepo, na upepo wetu unaingia hata mahali ambapo fundi hakuacha tundu, unakausha nguo, unakausha midomo, unakausha hata maneno. Ncha za majani zikaanza kuwa rangi ya kahawia.

Wakati huohuo nilikuwa nimemposa Faraja, binti wa Mzee Yeremia wa Njombe. Mzee Yeremia alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mrefu, mkimya, asiyetabasamu hata akiletewa habari njema. Faraja alikuwa akiimba kwaya, na sauti yake... basi, tuiache sauti yake. Nilikwenda na mshenga wangu Elia, rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi, tumechukua jembe jipya kama desturi inavyotaka, na badala ya kumwacha Elia aseme, maana hiyo ndiyo kazi ya mshenga, nikasema mimi. Nikaeleza diploma. Nikaeleza bati. Nikaeleza vioo. Mzee Yeremia akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana, karatasi siikatai. Lakini binti yangu hatalala ndani ya karatasi. Shangazi yake atakuja aione nyumba. Atakalosema yeye ndilo nitakalosema mimi."

"Aje, baba," nikamjibu, "na akija ataona sebuleni kwangu kitu ambacho hakijapata kuonekana katika nyumba ya Mbena yeyote."

(Elia alinikanyaga mguu. Sikuelewa kwa nini.)

Kwa hiyo mambo yangu yote yakawa mikononi mwa Shangazi Yunisi. Akisema nyumba ina mtu, nimeoa. Akisema haina, kulikuwa na mwenye duka la vitambaa kule mtaa wa Ramadhani, Njombe, aliyekuwa amekwisha kunyoosha shingo akisubiri nianguke.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Walisema watafika mchana. Asubuhi nikaliangalia kangaga langu nikaona limeinama kama mtu aliyefiwa, nikafikiri kisomi: limekosa unyevunyevu, basi lipewe unyevunyevu. Mtu mwenye mafua makali tunamfanyaje? Tunamfukiza; sufuria ya maji ya moto, blanketi juu, anakaa humo na mvuke mpaka atoke jasho. Nikachemsha maji, nikayaacha yapungue ukali (mimi si mjinga, mvuke wa kubabua unaua jani), nikaweka sufuria katikati ya sebule, kando yake nikapanga matofali, juu ya matofali kigoda, juu ya kigoda kangaga na chungu chake, na juu ya yote blanketi langu la kijivu, ambalo lilikuwa ndilo blanketi langu pekee. Mpango ulikuwa lipate mvuke mpaka jua lipande, kisha nilifunue, niliweke dirishani likimetameta matone, wageni waingie waseme, "Lo!"

Wageni waliingia kabla ya "Lo!"

Walikuwa wamepata lori la pareto lililotoka Njombe alfajiri. Nasikia "Hodi!" nageuka, mlango uko wazi, na hawa hapa: Mzee Yeremia na kofia yake, Shangazi Yunisi, mama mnene mwenye mikono ya kupura maharage, na Elia nyuma yao, aliyewapokea pale lori liliposimama. Sasa itazameni sebule yangu kwa macho yao. Diploma hawakuiona. Waliona katikati ya sakafu kitu kimejikunyata chini ya blanketi, kimo cha mtu aliyechuchumaa, mvuke unatoka pembeni taratibu. Mzee Yeremia akavua kofia. Shangazi akashusha sauti.

"Pole, mwanangu," akaninong'oneza. "Ni nani?"

Hapa ndipo penyewe. Ningesema, "Ni jani, shangazi," tungecheka, tungekunywa chai, na leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini fikirini na nyinyi: umetembelewa na wakwe, halafu uwaambie kwamba blanketi lako pekee umefunikia jani, tena kangaga, na umelichemshia maji lenyewe kabla hujawachemshia wao chai. Ulimi wangu ukakataa. Ukasema kitu kingine kabisa.

"Ni mama mdogo."

"Mama mdogo wa wapi?"

"Wa Mawengi."

(Huko Mawengi sina hata kuku.)

Shangazi Yunisi akashika kifua. "Na unamfukiza mwenyewe? Hakuna mwanamke humu ndani?"

"Mwenyewe, shangazi."

"Maji umemchemshia wewe?"

"Kwa kipimo, shangazi. Yasizidi moto wala yasipoe. Hayo tunasoma."

Akamgeukia kaka yake. "Yeremia, unaona? Mwanamume anamfukiza mama yake mdogo kwa mikono yake! Wewe niliposhikwa na homa ile ulikwenda kunywa togwa kwa jirani."

Mzee Yeremia akakohoa. Kisha akatoka barazani, na kwa kuwa lile lori lilikuwa limekwisha kushusha mzigo na lilikuwa likigeuza kurudi Njombe, akampigia kelele dereva, "Mpitie mwinjilisti! Mwambie kesho katika sala ya wagonjwa amtaje mama mdogo wa mkwe wetu!"

Jamani. Mkwe wetu! Lori likaondoka na maneno hayo, nami nikabaki nimesimama miguu haigusi saruji. Ningewezaje kusema ukweli baada ya hapo? Nani kati yenu angesema?

Elia akanivuta pembeni. "Mama mdogo yupi? Mimi mama zako nawajua wote, mpaka waliokufa."

"Nyamaza, Elia."

"Humo ndani kuna nini?"

"Kangaga."

Elia akalitazama blanketi, akanitazama mimi, akaenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa karibu kabisa na mlango. Ana akili sana Elia.

Shangazi alikuwa ameinama mbele ya blanketi. "Kamwene, mama!" akasalimu Kibena, kwa upole. Kimya. "Kamwene! Mbona hajibu?"

"Sauti imekauka, shangazi."

"Hata kukohoa?"

"Alikohoa jana akamaliza."

Mzee Yeremia akasema basi tumwombee, tukasimama, akaomba. Sijui kama mmewahi kumsikia mzee wa kanisa wa Njombe akimwombea mgonjwa asiyemjua. Kwa kuwa hajui ugonjwa, anayataja yote. Aliomba juu ya kifua, akaomba juu ya tumbo, akafika kwenye magoti, akashukuru kwa ajili ya kijana mwenye moyo wa huruma (nikainamisha kichwa zaidi), na alipofika kwenye viungo vyote vya ndani, sauti ilikuwa imepanda mpaka imevuka ukuta, ikamfikia Mama Tasiana.

Mama Tasiana ndiye jirani yangu, Mkatoliki aliyezaliwa misheni, mama ambaye hakuna kitu kinachopita mbele ya baraza yake asikijue. Akatokea mlangoni na bakuli la uji.

"Bwana Shamba! Una mgonjwa ndani, na mimi jirani yako nasikia kwa sala za watu wa Njombe? Aliingia lini?"

"Jana jioni, mama."

"Kwa mlango upi? Jana jioni nilikuwa hapa nje nachambua maharage. Paka wako alipita nikamwona."

"Alikuja amejifunika."

"Ee, naona hata leo hajajifunua."

Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Akaweka uji chini, akatoka, na kabla sijapata hata nafasi ya kumwomba Mungu anisamehe, akarudi na wanawake wa kanisa lake, mmoja na kuni, mmoja na mayai, mmoja na rozari, wakajaa barazani wakaanza kusali. Shangazi Yunisi alipoona Wakatoliki wamesimama mlangoni wanasali kwa mpangilio mzuri namna ile, hakukubali, akaanzisha wimbo. Mzee Yeremia akaitikia kwa besi. Wale wa nje wakapandisha. Hawa wa ndani wakapandisha. Na mimi katikati yao, mwenye diploma, nikiwaza kwamba tangu dunia iumbwe hakujawa na kangaga lililoombewa na madhehebu mawili kwa mpigo, na kwamba kwa kelele zile kama lingekuwa na masikio lingekwisha kuomba kutoka.

Hapo mvuke ukaisha.

"Maji yamepoa!" Shangazi akakata wimbo. "Mama atapata baridi na jasho mwilini! Leteni maji ya moto!"

Mama mmoja akawa amekwisha kukimbilia jikoni kwangu, anarudi na birika linalochemka. Nikaona kifo. Si changu, cha kangaga. Nikamrukia. "Hapana, hapana! Yale yatamuua! Anataka vuguvugu tu, na upepo usimpige!"

"Kijana, mimi nimefukiza watu kabla hujazaliwa," akasema Shangazi.

"Huyu si kama wengine, shangazi. Huyu ni... laini."

Nilisema kwa uchungu wa kweli, na machozi yakanitoka (ya hofu), wanawake wa barazani wakaanza kulia na wao. Shangazi Yunisi akanitazama, uso ukalainika, akaweka mkono begani kwangu. Nikadhani nimepona.

"Basi," akasema, "kama maji hutaki, joto la mwili nitampa mimi. Mgonjwa aliyekosa nguvu hakai peke yake kwenye mvuke, anashikwa kwa nyuma. Hivyo ndivyo tunavyofanya." Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akapiga magoti, akainua ncha ya blanketi.

Jamani, mimi nilimshika mguu. Nasema wazi, nilimshika mguu mkwe wangu mtarajiwa mbele ya kaka yake. "Shangazi, usiingie!" Akanipiga teke, dogo, la upendo, akapotea mwili mzima ndani ya blanketi. Mlima wa blanketi ukawa mkubwa mara tatu. Wakatoliki wakakatiza rozari. Kutoka ndani ikasikika sauti yake ya kubembeleza.

"Njoo mama, njoo niegemee... Ee! Mbona amekonda hivi?"

Elia akasimama akafungua mlango wote.

"Mikono yake... mbona mikono mingi? Mama, kichwa kiko wapi? Yeremia! Yeremia! Hana kichwa! Ee Nguluvi!"

Alipomwita Mungu kwa Kibena nilijua imekwisha. Blanketi likasimama. Likasimama lote, likapaa, likaanza kutembea sebuleni likipiga mayowe, likagonga meza, likakanyaga sufuria, maji yakafurika kwenye saruji yangu ya kung'aa, na barazani mtu akapiga kelele, "Mama mdogo ameinuka!" Basi hapo hapakuwa na Mkatoliki wala Mlutheri. Walikimbia. Mama Tasiana peke yake hakukimbia. Alilirushia blanketi uji. Shangazi akateleza kwenye maji na uji, akakaa chini kwa kishindo kilichotikisa vioo, na blanketi likamtoka.

Akawa amekaa katikati ya sakafu yangu, udongo wa mboji usoni, uji begani, na kangaga langu kichwani, majani yenye mistari myeupe yakimning'inia masikioni.

Mzee Yeremia akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama, akachuma jani moja kichwani kwa dada yake, akaligeuza huku na huku.

"Hili ni kangaga," akasema.

"Si kangaga la kawaida, baba!" nikaropoka. "Tazama mstari! Halipukutiki mwaka mzima! Linataka mwanga wa kivuli na..."

"Nimeliombea kangaga," akasema, kama hakunisikia. "Nimeliombea figo."

"Na mimi nimelishika kiuno," akasema Shangazi kutoka sakafuni.

Mama Tasiana aliketi kizingitini akacheka mpaka akaomba maji. Mzee Yeremia akanigeukia. "Kijana, sisi kangaga likiingia shambani tunahama. Wewe umelileta sebuleni, umelifunika blanketi, na umelipa ukoo." Nikaanza kuomba msamaha, akainua mkono. "Mimi usiniombe. Habari ya mgonjwa wako imekwenda Njombe kwa lori, na dereva yule haachi maneno nyuma. Kesho kanisa zima litamwombea. Mimi sitaifuta. Utakuja uifute mwenyewe, mbele ya watu wote, ndipo tujue kama binti yangu tunaye mtu wa kumpa. Usipokuja, jembe lako utalikuta mlangoni."

Wakaondoka na basi la mchana. Chai hawakunywa.

Nilifikiri kuhama, sitawaficha. Nilifikiri Iringa, nikafikiri hata kurudi Uganda. Lakini nilipomfikiria yule mwenye duka la vitambaa akimpimia Faraja gauni la harusi, miguu ikapata nguvu. Jumapili asubuhi nikapanda lori la kwanza, nimevaa suti yangu ya mahafali, nikashuka Njombe ndani ya ukungu nikiwa na baridi na aibu, na sijui ipi ilinitetemesha zaidi.

Kanisa lilikuwa limejaa. Kwaya ilikuwa mbele, na Faraja safu ya mbele ya kwaya, ameangalia kitabu chake cha nyimbo kama mtu asiyejua kitu (alikuwa anajua kila kitu, shangazi yake alikuwa amelala kwao). Mwinjilisti akafika kwenye sala ya wagonjwa, akasema kwa sauti ya huzuni, "Na tumkumbuke mama mdogo wa Bwana Shamba wa Makambako, ambaye hali yake..."

Nikasimama. Viatu vyangu vilipiga kelele.

"Ndugu zangu," nikaanza, "mimi, niliyesoma Uganda nikapata diploma ya kilimo..." Mzee Yeremia akakohoa safu ya mbele. Nikaiacha diploma. "Mgonjwa huyo si mtu. Sina mama mdogo Mawengi. Nilikuwa nafukiza kangaga."

Matone ya ukungu yakadondoka kwenye bati. Kisha mzee mmoja kule nyuma kabisa, asiyesikia vizuri anayezungumza kwa nguvu, akauliza kwa nia njema tu, "Limepona?"

Na mimi, Mungu anisamehe, kwa mazoea ya kazi, nikamjibu, "Majani yamevunjika, baba, ila shina lipo."

"Basi tushukuru!" akasema mzee.

Kanisa likalipuka. Mwinjilisti aligeuka akaelekea madhabahuni mabega yakimcheza. Akina mama walilia kwa kicheko. Kwaya ikashindwa kuanza wimbo, ikaanza ikashindwa tena, na Faraja akaketi chini nyuma ya wenzake, nikaona kitabu cha nyimbo tu kinatikisika. Nami nimesimama katikati na suti ya mahafali, nikichekwa na Njombe yote, na nyinyi mnajua ninavyopenda kuchekwa.

Baada ya ibada walinikuta nje nimeegemea mti wa mwati. Shangazi Yunisi alikuja akichechemea, ameshika kiuno, Mzee Yeremia kando yake, Faraja nyuma.

"Nyumba nimeiona," Shangazi akamwambia kaka yake, huku mimi nasikia. "Ukuta una nguvu. Sakafu ni ngumu, kiuno changu ni shahidi. Na mwenye nyumba ni mwongo asiyejua uongo. Ameanza asubuhi, amekamatwa kabla ya chai. Mwongo wa hivyo hawezi kumtesa mke. Mwenye duka yule anadanganya kila siku na kitambaa chake kila mtu ananunua. Mpe huyu." Kisha akanigeukia. "Lakini blanketi nataka. Jipya. Na la kangaga usiniletee."

Mzee Yeremia akanitazama kitambo. Sitasema alitabasamu, nitasema masharubu yalisogea. "Njoo ule, mkwe," akasema, akatangulia.

Faraja akabaki nyuma kidogo. "Bwana Shamba, na mimi nikiugua utanifukiza?"

"Nitakufukiza."

"Kwa kipimo?"

Nikaanza kumweleza kipimo, maana swali la kitaalamu hujibiwa kitaalamu, na sikuwa nimefika mbali alipoanza kucheka tena, akanishika mkono wa suti akanivuta twende.

Tulioana. Kangaga lilichipua upya shinani, na Faraja, ambaye hakutaka hata kuliona sebuleni, akalihamishia chumba cha kuogea, karibu na dirisha dogo, ambako kila jioni kuna maji ya moto na upepo haufiki, na huko limejaa mpaka mtu akioga linamgusa mgongoni. Mimi jina langu la ukoo watu wamelisahau. Naitwa Baba Kangaga, hata ofisini, hata Bwana DC aliniita hivyo siku moja kwa Kiswahili chake, bila kujua maana yake, na wazee waliokuwa barazani wakaangalia chini.

Basi nimeapa, na kiapo hiki nakishika: mtu akiingia kwangu akauliza hicho ni nini, namwambia ni nini, hata kama ni kitu cha kijinga, hata kama ni wakwe, hata kama jibu lenyewe linauma ulimi kulitoa. Aibu ya kweli inakumaliza palepale mlangoni mkacheka yakaisha. Aibu ya uongo inakuacha hapo umesimama, inadandia lori, inakwenda Njombe, inaingia kanisani, inachagua benchi la mbele na kukusubiri.